Ukosi

Tanzia yenyewe, ile kongwe ya wafalme, sijaiona.
Mimi huisoma Jumatatu, ndani ya kapu,
Stumai anapolitua mlangoni pangu, Bungoni,
akijifuta jasho kwa ncha ya kanga:
"Safari hii wamekufa watatu."

Basi nasoma.
Kanzu ya kaka mkubwa: kifuani doa
pana kama jani la mkungu lililoiva.
Amechomwa kwa mbele, na mtu aliyemkaribisha.
Shuka la kitanda: alama za vidole vinne,
kuna aliyejaribu kuinuka.
Kilemba cha mlinzi kimelowa ncha tu;
huyo alifutia kisu, akarudi zamu.
Na gauni la mtoto,
gauni la mtoto nililigeuza ndani nje
nikalifua bila kulisoma.

Damu yao ni choya na rangi ya keki,
na sukari guru, ili ining'inie kwenye kisu
isidondoke kabla ya neno lake.
Stumai huichemsha mwenyewe kwa shangazi yake.
Ukumbini Upanga watu huziba midomo kwa viganja.
Sisimizi wangu hawazibi kitu.
Hupanda beseni kwa mstari
kuja kumla mtoto wa mfalme.

Nimefua damu nyingine, mie.
Mashuka ya uzazi. Shati la kijana
aliyedhaniwa mwizi; mama yake alilileta usiku,
kalikunja vizuri, akaomba nilipige na pasi.
Damu ya kweli haitaki maji ya moto.
Ukiipa moto inaiva, inashika uzi, inakuwa nguo.
Maji baridi, chumvi, subira,
na bado hubaki kivuli cha rangi ya chai
anachokiona mwenye nguo peke yake.

Damu nzito kuliko maji, tunasema.
Mie nibebaye madumu toka kwa Mama Sikujua
bomba likikauka wiki nzima,
nina neno langu kuhusu uzito.

Lakini kanzu ya mfalme!
Wiki ya kwanza, safi. Ya pili, safi.
Nikageuza mikono, nikanusa kwapa:
jasho, udi, basi.
"Huyu anacheza nini?"
"Huyo ndiye aliyewaua wote."
"Kwa mkono gani?"
Stumai akacheka. "Kwa mdomo.
Anasema tu: asubuhi nisimwone."

Toka siku hiyo niliiloweka peke yake.
Sikuichanganya na za marehemu.

Jumamosi ya mwisho kaja mbio, kanzu moja mkononi.
Ukosini, tone.
Dogo, punje ya mtama,
kingo zimeshaanza ukahawia.
Nikasubiri sisimizi. Hawakuja.
Akaja inzi.
"Wembe wa kinyozi," akasema,
"Kibwana ana vipele shingoni. Litoe tu,
saa moja pazia linafunguliwa."

Nikachota maji baridi. Nikashika chumvi.
Kunguru juu ya bati akainamisha shingo.
Sijui nini kilinipata.
Nilimwaga maji mtaroni,
nikapuliza mkaa wa pasi hadi ukawa mwekundu,
nikaikandamiza pale pale, juu ya tone,
mpaka likaiva.

Usiku ule nililipa kiingilio kama mtu.
Nilikaa nyuma, chini ya feni mbovu.
Toka kule tone halionekani.
Toka mstari wa mbele, nina hakika, halionekani.
Ila Kibwana alijua liko wapi.
Kila alipofika kwenye "asubuhi nisimwone"
mkono ulipanda wenyewe hadi ukosini,
ukakaa, ukashuka,
ukasahau, ukapanda tena.

Bibi mmoja mbele yangu
akamnong'oneza mwenzake:
"Leo kacheza."