Saba Iliyoinama

Saa tano usiku, Lapua, na jua halijakata shauri
lizame, au liendelee kutuchungulia juu ya matangi ya dizeli.
Boneti zimeachama kama vinywa kwa daktari wa meno.
Wanaume kumi na mmoja, chupa nane za kahawa, mbu wasio na idadi,
na katikati yao Escort ya marehemu baba,
rangi ya chungwa lililoiva likapitiliza.

Nimeileta niiuze. Sikujua naileta mahakamani.

Pentti Yli-Hukkala ndiye anayepiga magoti kwanza.
Ana sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa;
anaipitisha ubavuni polepole, kama mkunga anayesikiliza tumbo,
na inapokataa kushika anasema, "Puti."
Anasema "puti"
kama watu wengine wanavyosema "saratani".

"RS ya kweli huzaliwa RS.
Kiwandani, siku ile, kwa nambari ile.
Haijifunzi ukubwani.
Beji ni nguo ya kuazima, haisitiri matako."

Jalmari anacheka hadi kahawa inamtoka puani.
Lake ni la kweli, lina vyeti jalada zima,
ila bodi kaibadili mara mbili, injini ilitoka Tampere,
milango kaing'oa kwenye gari lililopinduka mtaroni.
"Basi niambie, Pentti, ukweli wangu umekaa wapi?
Kwenye kibati cha ukubwa wa kiberiti?
Nikikitia mfukoni nikaingia nacho sauna,
gari langu limeingia sauna?"

"Limeingia," anajibu Pentti. Hata kichwa hainui.

"Liwasheni kwanza," anasema kijana Onni,
"gari hujisemea." Hakuna anayemsikia;
lake lina bawa nyuma kubwa kuliko meza ya kulia chakula.

Kisha tochi inafika kwenye nambari ya chesi, ikatulia.

"Hii imegongwa kwa mkono.
Iangalieni hiyo saba. Imelalia kushoto.
Kiwanda hakilewi."

Nami nainama.
Ninaijua saba hiyo.
Iko kwenye kopo la parafujo, kwenye ufunguo wa zizi,
iko chini ya viatu vyangu vya barafu, mwaka niliozaliwa,
saba mbili zimeinama pamoja
kama watu wawili wanaosukuma gari.
Baba hakuwa na kidole gumba cha kulia, msumeno ulikichukua;
kila alichokigonga kililala upande.

Na miaka thelathini alituambia, mezani, kanisani, hospitalini,
kwamba aliinunua kwa afisa wa forodha wa Vaasa.
Hata jina la afisa alikuwa nalo.

Nilikuwa na miaka tisa, nimeshika taa, vidole vimekufa ganzi.
"Tunaifanya nini, baba?"
"Tunaikumbusha," alisema. "Imesahau jina lake."
Nikaamini. Nilidhani magari husahau.

Bei inashuka hapo hapo, theluthi mbili,
bila mtu kuitaja. Naiona ikishuka machoni mwao.
Jalmari anataka injini tu, na viti, kama sitojali.

Pentti yungali chini. Kidole chake kinafuata kona ya ndani,
pale bati linapokutana na bati,
kinakwenda, kinarudi, kinatafuta mshono.
"Nani alichomelea hapa?"
"Mwongo," nasema.
"Mwongo gani?"
"Wa kwetu."

Haongezi neno. Lakini tochi haiondoi.
Mbu wanamla shingo na haioni haja ya kuwafukuza.

Nilipowasha, Onni peke yake aliziba masikio, akitabasamu.
Niliondoka kwa barabara ya mashamba ya shayiri, gia ya tatu,
na karatasi ya INAUZWA bado kiooni,
nikiisoma kinyume, kwa ndani,
njia nzima.