Mfuniko wa Nyuma

Shekalaghe ameileta ndani ya soksi ya mtoto,
akaifunua mezani kwangu, Barabara ya Kumi na Mbili,
kama anayefunua yai.
"Ya babu. Alirudi nayo kutoka Burma.
Kuna mtu wa Arusha anazikusanya.
Kasema, lete karatasi ya fundi, iandikwe *halisi*,
nami nitakupa fedha ya kuezeka nyumba nzima."

Neno moja tu.
Nikavuta taa, nikabana lenzi jichoni.

Huanza na masikio, pale mkanda unaposhika.
Vijiti vimechomelewa, havichomoki:
jeshi halikutaka saa ianguke matopeni
kwa sababu ya kijiti cha senti mbili.
Hapo sawa.
Mgongoni, mshale mpana wa Serikali ya Mwingereza,
unyayo wa kuku aliyepita mara moja tu,
na chini yake namba.
Kingo za namba zimelainika kwa jasho, si kwa msasa.
Msasa hula pande zote sawa. Jasho lina upendeleo.
Hapo pia sawa.

Tarakimu zimeiva rangi ya chai iliyolala.
Nikazima taa, nikajifunika kichwa na saa kwa kanga.
(Shekalaghe akauliza kama nasoma dua.)
Tarakimu kimya, ndivyo zinavyopaswa;
dawa ya kung'aa ya wakati ule huzeeka ikafa.
Lakini mishale ikawaka,
kijani, macho ya paka wa Soko la Mgandini.
Mishale ni ya juzi.

Mfuniko ukagoma.
Nikautia tone la mafuta, nikanywa kahawa, nikaurudia.

Na ndani, masikini,
mashine si yake.
Ya jeshi ingekuwa na mawe kumi na matano.
Hii ina kumi na saba, na jina la kiwanda
ambacho hakijawahi kuvaa sare.
Mtu kang'oa moyo, kapachika mwingine,
kauzungushia pete ya shaba, nyembamba kama ukucha,
usicheze.
Kazi safi. Nikamlaani hata hivyo,
kimoyomoyo, kwa matusi ya baharini.

Kisha nikaugeuza mfuniko kwenye mwanga.
Mafundi hukwaruza humo ndani, mwenye saa asipopaona:
tarehe, herufi, deni.
Mkwaruzo wa kwanza siujui.
Wa pili umefutika nusu.
Wa tatu, pembeni, mdogo kuliko kiroboto:
herufi ya kaf. Na 71.

Kaf yenye mkia mfupi.
Nimeiona kwenye daftari za madeni, kwenye mlango wa kabati,
kwenye cheti changu cha kuzaliwa.
Jina lake Kombo,
na mkono wake haukwenda kombo hata siku moja.

"Sabini na moja," nikamwambia Shekalaghe.
Akafikiri. "Babu alikuwa mnyapara wa zamu, korona ya mkonge, Pongwe.
Saa iliwahi kumfia. Alikatwa siku tatu kwa kuchelewa.
Bibi hakuacha kuisimulia."

Basi.
Hakuna aliyemwomba baba ukweli.
Aliombwa saa itembee.

Nikaandika:
*Kasha, la jeshi. Mgongo, wa jeshi.
Uso, wa jeshi, umechoka. Mishale, hapana.
Mashine, ya Kombo, fundi wa Ngamiani.*

Akasoma huku midomo ikihesabu mabati.
"Atapunguza?"
"Atapunguza."
"Nusu?"
"Zaidi ya nusu."
"Si ungeandika tu lile neno moja?"

Sikumjibu. Nilikuwa najaza ufunguo,
taratibu, mpaka ulipokaza.
Ikashtuka, ikaanza.
Nikaipangia majira: uso unasema moja na robo,
nasi, kama kawaida, tukaisoma saba na robo,
tukimsahihisha Mzungu bila kumwambia.

Ile kaf niliipitishia ukucha kabla ya kufunga.
Yangu sikuongeza. Sikuwa nimetengeneza kitu.

Akairudisha sokisini, ikigonga kama kifaranga,
akaikunja karatasi mara nne.
Hakunilipa. Sikumdai.
Mpaka anakata kona ya duka la cherehani
alikuwa bado ameibana soksi sikioni.