Senti Hamsini ya Sungura

Mashine si yangu. Ngussa wa Geita
aliiacha karakana kwangu kama rehani
ya geti nililomchomelea. Geti analo, pesa sina.
Basi Jumapili, wenzangu wakiwa ibada ya pili,
mimi navaa hedifoni na kwenda kiwanjani,
nyuma ya ghala la kahawa, Njoro,
pale reli inapolala kwenye magugu.

Mlinzi Lemomo huniuliza kila mara:
"Leo ni zebaki, au rupia za Mjerumani?"
Namwambia natafuta senti hamsini.
Anacheka mpaka rungu linamponyoka.

Kiwanja hiki kimefanyishwa kazi kuliko punda.
Mjerumani alifunga nyumbu wake hapa.
Mwingereza akaweka meza, watu wakapangwa kulipa kodi ya kichwa.
Kikaja chama cha ushirika na mizani yake,
likaja soko la Jumanne, ikaja gereji ya malori,
sasa ni magoli mawili ya mabomba
na mbuzi wa mama Aikaruwa.
Juu majani tu.
Chini, kila mmoja kaangusha kitu.

Krrr, msumari. Krrr, msumari tena.
Nimechimbua misumari ya kutosha kuezeka kanisa.
Tuu, sauti nene: kizibo cha bia.
Tii-tii: lakiri ya risasi iliyofunga gunia,
namba imefutika, kahawa yake ilishanywewa
na watu waliokwisha kufa.
Kifungo cha koti la askari. Kijiko kisicho na mpini.
Na hela: si hela ya kusema tu, hela yenyewe,
ya shaba, taji limelika upande mmoja,
iliyotuachia jina lake
ikaingia chini kulala.

Lakini mimi nilikuja kwa ajili ya sungura.
Mwaka sabini, shangazi Ndeshimuni, miaka tisa,
alitumwa sokoni hapa kununua mafuta ya taa,
akarudi na chupa tupu na kilio:
senti hamsini imeanguka.
Babu alikuja na kandili siku tatu,
akazipekua nyasi kwa vidole kama anayetafuta chawa.
Kwetu hadi leo ukipoteza kitu, hata sindano,
utaambiwa, "Imeifuata ya Ndeshimuni."

Jumapili iliyopita, hatua tisa kutoka goli la chini,
tii, safi, kama kijiko kugonga glasi.
Shubiri moja tu. Nikaisugua kwa mate na kidole gumba:
masikio kwanza, kisha mgongo,
sungura bado anakimbia.

Nikampelekea na udongo wake.
Aliigeuza, akaisogeza dirishani,
akaniangalia mimi, akauangalia mlango.
"Mwanangu, hii si yangu."
"Utajuaje, shangazi?"
"Yangu niliila."
Akashusha sauti, mwanamke mwenye wajukuu
na kiti chake cha mbele kwenye kwaya:
"Maandazi matano. Nyuma ya ghala hilo hilo.
La tano nilikwisha kushiba, nikalilazimisha.
Kulia nililia kweli, ila baadaye,
nilipoiona kandili ya baba ikitoka."

Hakusema tena. Alinirudishia sarafu
akaenda kuifunika chai ambayo haikuwa moto.

Leo nimekuja kufukia mashimo,
maana saa kumi watoto wana mechi.
Moja nimelibakiza, lile la hatua tisa.
Ya nani hii, basi?
Yupo mtoto mwingine alirudi kwao na chupa tupu,
akasema kweli,
na labda hakuaminiwa.

Nimeilaza, sungura akitazama juu.
Nimerudisha udongo, nikaukanyaga mara mbili.
Lemomo ameniona.
Najua usiku atakuja na sururu
kutafuta rupia.