Pepe

Wanaziita mashine pepe.
Mara ya kwanza nililisikia jina hilo nikacheka peke yangu
hapa Gateshead, katika kichumba cha juu ya ngazi,
dirisha likitokwa jasho, mita ya umeme ikinihesabia senti:
kwetu pepe ni punje iliyotoka ganda tupu,
ukiipuliza inapaa.

Ninazo tatu, ndani ya kompyuta moja
niliyoinunua kwa shule iliyofungwa;
ubavuni bado ina kibandiko cha maktaba.
Ya kwanza inatunza hesabu za bucha la Idrees na saluni ya Maureen.
Ya pili ni ya majaribio, naivunja na kuiunda kila Jumamosi.
Ya tatu ni kizee. Waliouunda mfumo wake walishautelekeza,
nami nimeitenga na mtandao kama mgonjwa wa ndui,
ila humo tu ndimo inamofunguka
programu aliyochorea kanga dada yangu Zamoyoni.

Mwanzoni nilinakili kila kitu, kila usiku.
Gigabaiti mia tatu na sitini,
juzi na jana na leo, zilezile, kama magunia ya duka moja.
Saa sita feni inanguruma,
Bi Hesketh wa nyuma ya ukuta anagonga kwa kiatu.
Usiku wa tatu diski ikashiba, ikakataa.
Nikakaa kwenye ngazi na chai iliyopoa:
nani hubeba shamba zima
kwenda kuonyesha kwamba limeota jani moja?

Jibu alinipa Mama bila kujua,
kwenye simu, akiulalamikia mchele wa dukani:
"Siku hizi hawapepeti."

Basi nikashika ungo.
Ndani ya kila mashine, pote palipofutwa,
pale panapobaki mizoga ya mafaili, nikajaza sifuri.
Sifuri ni pepe halisi, haina inachodai.
Nikaiagiza kompyuta: iambie mashine ishike pumzi,
piga picha, iachie iendelee;
na kuanzia usiku wa pili chukua punje zilizobadilika tu.
Kinachofanana kiandikwe mara moja.
Jumapili diski ya akiba inahamia kwa Idrees,
kwenye droo ya visu,
maana moto haubishi hodi.

Dakika kumi na moja.
Bi Hesketh akanisimamisha mlangoni:
"Ile mashine yako imekufa?"
Nikamwambia imefunzwa adabu.

Lakini mchele hausifiwi ukiwa ungoni.
Jana nikaizima kizee, nikaificha,
nikajifanya nimeipoteza, nikairudisha kutoka kwenye nakala.
Mkono ulitetemeka. Nacheka sasa, ila ulitetemeka.
Ikaamka, saa yake imekosea, ikalia mlio wake wa kale.
Nikafungua kanga ya mwisho.

Pindo. Mabibo manne kwenye mji,
zambarau ile aliyokuwa hakubali kuipunguza.
Na chini, penye jina, kisanduku cheupe.
Hakuwa amechagua maneno. Alisema atayapata kesho,
kesho ikampata yeye kwanza.

Nikashtuka. Kisanduku kitupu: je, si pepe hiki?
Siku moja ungo wangu hautakipeperusha?
Nikaingia ndani kabisa, tarakimu kwa tarakimu.
Hapana. Mashine haiandiki weupe kwa sifuri.
Weupe ni tarakimu iliyojaa kuliko zote,
mia mbili hamsini na tano, mia mbili hamsini na tano,
nukta baada ya nukta, pima.
Ungo ulishaupitia kila usiku,
ukauona mzito, ukaubakiza.

Usiku huu tena, dakika kumi na moja.
Bucha limebadilika, saluni imebadilika.
Kwenye kanga, hakuna punje mpya.
Sijaandika kitu.