Mstari wa Kwanza

Saa tisa na dakika kumi na mbili za usiku
simu ilinguruma juu ya kabati kama nyuki ndani ya kopo,
mwili ukaamka, akili ikabaki kitandani.
Tartu ilikuwa digrii ishirini chini ya sifuri,
theluji imeziba nusu ya dirisha,
paka amelalia soksi zangu.
Zamu yangu. Wiki yangu. Kengele yangu.

Skrini nyekundu, nyekundu, tena nyekundu:
vyeti vya dawa havifunguki, nchi nzima.
Mfamasia wa usiku kule Võru, bibi Helju,
aliandika bila salamu:
"Nina mzee hapa, kashika kifua. Nimwambie nini?"

Nilimpigia Taavet. Alikuwa macho,
sauti imekauka kama mkate wa juzi.
"Ni mimi," alisema kabla sijauliza.
"Nilikuwa nafuta data za majaribio.
Madirisha mawili, Leelo, yanafanana kama mapacha.
Nimefuta za kweli."

Nikamwambia: hayo yana saa yake.
Sasa nisomee unachokiona, neno kwa neno.
Akasoma. Nikaandika.
Sirje akaingia kutoka Pärnu, mtoto analia mgongoni pake,
akabeba kazi ya kuongea na maduka ya dawa
ili sisi wawili tusiongee na mtu.
Mmoja uzi, mmoja sindano,
wa tatu ashike taa.

Kule Võru, Helju alitoa kalamu na daftari,
akaandika kama walivyoandika mama zake,
akampa mzee vidonge sita
kwa dhamana ya jina lake mwenyewe.
Hakuna kengele iliyoliona hilo.
Mfumo mzima umelala, na mwanamke mmoja ameusimamia.

Saa kumi na moja kasorobo
nakala ya saa sita usiku ilikubali kusimama.
Kijani kimoja.
Tukangoja, hatukupumua.
Kijani cha pili.
Taavet akaanza kulia, polepole,
nasi tukajifanya mtandao una mikwaruzo.

Asubuhi ikaja fomu.
Bwana Priidik anaipenda, hasa kisanduku cha juu:
NANI ALISABABISHA?
Kisanduku kidogo, jina moja linakijaza,
na kikishajaa, watu wanakwenda kunywa kahawa.

Nilikitazama mpaka chai ikapoa.

Maana madirisha yale mapacha niliyaumba mimi.
Na miaka sita nyuma, mwezi wa Novemba,
kidole hiki kiliteleza palepale,
kikafuta rekodi za kliniki mbili.
Endel ndiye alikuwa zamu usiku ule.
Jina lake lilienea vizuri kisandukuni.
Mimi nilichangia keki ya kumuaga,
ya matunda ya msituni, nakumbuka, na krimu nyingi.

Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua.
Changu kilitembea kwa miguu miaka sita,
kikapitia Võru,
kikagonga kifua cha mzee nisiyemjua.

Nikafuta kisanduku.
Chini yake, penye mfuatano wa matukio,
mahali pa kuandika saa tisa na dakika kumi na mbili,
niliandika mwaka ule, Novemba ile,
na jina langu, si kama kosa,
kama mahali ufa ulipoanzia.
Kisha ya kufanya: dirisha la kweli lipakwe rangi nyekundu;
afutaye aandike jina la hifadhidata, herufi zote;
mtu wa pili aseme ndiyo.
Na maduka yote yawe na daftari la Helju.

Priidik akasoma, akavua miwani.
"Novemba hiyo inahusiana vipi na jana usiku?"
Taavet aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

Sikumjibu bado.
Nilikuwa natafuta namba ya karakana ya baiskeli, Viljandi.
Niliibonyeza, nikasimama korido, karibu na makoti.
Ikaita.
Ikaita.