Kobe wa Saa Tatu Usiku

Saa tatu usiku, Kutaisi, mvua inapiga bati la kibaraza,
Nutsa keshavaa nguo za kulala, keshapiga mswaki,
ndipo akakumbuka.
"Baba, kesho mwalimu anataka mnyama.
Wa kutengeneza kwa mkono. Wa dukani hapokelewi."

Kesho ya mtoto huanza saa mbili asubuhi.
Mimi nilikuwa nimetoka karakana ya mabasi,
vidoleni nina grisi ambayo sabuni imekubali yaishe.
Nikavuta droo ya jikoni, ile ambayo kila nyumba inayo
na hakuna nyumba inayowaonyesha wageni:
betri ambazo hujui kama zi hai au zimekufa,
funguo za makufuli tuliyokwisha kuyasahau,
mpira wa kufungia noti, ingawa noti hazijawahi kufika za kufungwa,
vizibo vya mvinyo wa Jumber, jirani yetu,
anayebisha hodi na chupa na kuondoka na chupa,
kizibo akatuachia.

"Ndovu," alisema. Ndovu hatumwezi.
"Farasi?" Farasi ana magoti, na magoti yana ufundi wake.
Bakulini zilibaki jozi saba za vuli.
Nikapenyeza kisu kwenye mshono wa moja, taratibu,
ikafunguka pande mbili, haikuvunjika.
"Kobe!" tukasema, wote wawili, mara moja.

Gundi ilikuwa imekauka chupani, jiwe tupu.
Unga kijiko kimoja, maji, moto mdogo, koroga usibandue jicho:
hilo alinifunza Lamzira, mama yake,
ambaye saa hiyo yuko Bari, anamgeuza ubavu
bibi kizee wa watu asipate vidonda.
Mwaka wa tatu huu. Anatuma pesa, anatuma chokoleti,
anatuma picha za bahari ambayo hana siku ya kuioga.

Trei ya mayai: kikombe kimoja, kikate, kibonyeze, ndilo tumbo.
Njiti nne za kiberiti, zikatwe vichwa kwanza, ndiyo miguu.
Kipande cha kizibo kikawa kichwa,
kina harufu ya mvinyo, kobe mlevi.
Mkia ni uzi wa sweta, fundo moja.
Gamba Nutsa alilipaka rangi ya kucha, nyekundu,
matone ya mwisho ya kichupa alichokiacha mama.
Tukafika kwenye macho.

Kopo la biskuti liko juu ya kabati.
Sikuwahi kulishusha tangu aondoke.
Vifungo: vya shati langu la harusi,
vya koti lake la kijani lililoliwa na nondo,
kimoja cha shaba ambacho hakuna anayejua kilitoka wapi.
Nutsa akazamisha mkono mpaka kifundoni,
akavivuruga kwa kelele.
Nilitaka kusema, polepole. Sikusema.
Akaibuka na viwili vyeusi, havilingani.
"Hiki kinaona karibu," akasema, "na hiki kinaona mbali."

Saa tano simu ikalia. Lamzira, sauti ya chini, bibi amelala.
Mtoto naye amelala, unga umemkaukia kidevuni.
Nikamwonyesha kobe kwenye kamera.
Alicheka huku kaziba mdomo kwa kiganja,
kisha akauliza swali la fundi:
"Na nusu ya pili mmeitupa?"
Ilikuwa mezani, imelala chali, inayumba kidogo
kila lori linapopita barabarani.
Jozi ni jozi, hata ikipasuliwa.

Ijumaa gari la mizigo liendalo Italia
lilibeba jibini, chupa ya pilipili ya kusaga,
na boksi la kiberiti lililofungwa kwa uzi wa sweta:
ndani kobe wa pili, wa kijani, wa kalamu,
maana rangi nyekundu iliisha.
Alifika siku ya sita, mguu mmoja umeng'oka.
Lamzira akampa mwingine, kijiti cha meno cha bibi kizee.
Anasema kobe anachechemea,
ila pale dirishani kamgeuza uso
ukatazama huku.