Silabi Tatu

Alhamisi, saa nane, chuo cha ufundi, Changamwe.
Wametoka kula viazi karai, kope zinashuka,
pangaboi la darini linazunguka shingo upande.
Kwenye ratiba kipindi changu kinaitwa Stadi za Maisha na Kazi.
Chengo, wa umeme, ameongeza pembeni kwa kalamu:
"Na kazi yenyewe iko wapi?"

Sikufuta.

Nikawaambia fungeni madaftari.
Leo tuna neno moja tu,
hesabuni kwa vidole: si-ju-i.

Wakacheka hadi viti vya nyuma. Hilo tunalijua, mwalimu!
Hamlijui. Mnajua "sawa, bosi",
mnajua kutikisa kichwa mbele ya mashine
ambayo hata jina lake hamjaambiwa,
na mkono ukaanza kupapasa swichi.
Nami nilijua hivyo hivyo, gereji moja ya Shimanzi,
miaka kumi na tisa, ovaroli ya kuazima.
Fundi mkuu akaniuliza, "Presi unaijua?"
Nikaona haya. Nikasema naam.

Nikainua mkono waone.
Kidole cha shahada kimebaki nusu.
Shahada yangu ndiyo hiyo, nikasema,
haikuhitaji muhuri.

Kicheko kikakatika kama stima.

Basi tukaigiza. Mwakio akavaa kofia ngumu, akawa msimamizi,
akakaza sauti: "We msichana! Mota hii utaifunga?"
Mbeyu akatazama viatu vyake.
"Sijui, lakini..."
Iache hiyo lakini. Rudia.
"Sijui. Nionyeshe mara moja,
mara ya pili nitakuonyesha mimi."
Mara ya nne ndipo sauti iliposimama kwa miguu yake,
na Mwakio, bila kuambiwa, akavua kofia.

Mengine tukayapitia mbio mbio:
Swabra wa Mtongwe, feri haitakuombea radhi kwa mwajiri,
panga saa yako na foleni ndani yake.
Spana ya watu irudi imefutwa grisi.
Ukikosea sema mapema,
kosa likiwa bado la kubebeka mkononi.

Ndipo Chengo: "Na kudai?
Kule mazoezini walitutumia miezi miwili, hata nauli hatujaiona.
Tufunze kudai."

Nikaguna. Nikatafuta chaki niliyokuwa nimeishika.
Walijua. Chuo kizima kinajua
sijalipwa tangu mwezi wa tano,
na kwamba kila Ijumaa Bwana Msellem wa uhasibu
hunipa "wiki ijayo" na kipande cha kashata.

Chengo tayari kakaa juu ya meza,
miwani ya kuchomelea imemshuka puani:
"Mwalimu, mfumo umelala."
"Samahani, Bwana Msellem, kama haitakuwa taabu..."
"Kata samahani," akasema Mbeyu. "Umemkosea nini?"
"Nimefundisha vipindi arobaini na vinane. Naomba..."
Darasa zima: "Nadai!"

Na-da-i.
Nikahesabu. Tatu nazo.

Saa kumi nikapanda ngazi za utawala,
magoti yakinisema.
Mlango umefungwa, kikaratasi kimebandikwa:
Nimekwenda kuswali, narudi sasa hivi.
Nikaketi kwenye benchi. Sikuondoka;
kuondoka ndiyo stadi niliyoifuzu zamani.

Chini uani hawajaenda kwao.
Wanajifanya wanafunga kamba za viatu,
hata Mwakio, mwenye ndara.
Mbeyu akainua vidole vitatu.

Ngazini, funguo za Bwana Msellem zinalia.
Nikamjibu Mbeyu kwa vyangu,
viwili na nusu.